Makombo ya Chini ya Wavu

"Panya wa watu wananenepa, kaka yangu anakonda!"

Maneno hayo yalisemwa mlangoni, tena kwa sauti ya kumfikia muuza mkaa ng'ambo ya barabara, na aliyeyasema alikuwa wifi wa Mama Mizani, dada wa mumewe. Kuna watu wakija kusalimia huja na mfuko wa machungwa. Wifi huyu huja na lawama, na hazimpoi njiani. Alimkuta kaka yake, Fundi, barazani, kwenye benchi lake la kazi, suruali kaifunga kwa kamba, shingo imesimama ndani ya kola kama mchi ndani ya kinu. Habari za asubuhi zikamtoka kichwani.

Mama Mizani akatoka jikoni na sahani mkononi. Sahani tupu, imekombwa, inang'aa.

"Unaiona hii, wifi? Kaka yako ametoka kula sasa hivi. Wali, maharage, na yai juu yake. Tafuta punje hapo. Nikuletee miwani?"

"Sahani haina mdomo, wifi. Mimi nautazama mwili."

"Basi uulize huo mwili, mimi nipishe niwahi kazini!"

"Nimekula, dada," mwenyewe akasema kwa upole. "Nimeshiba kabisa." Akajipiga tumbo kuthibitisha, na tumbo likalia kama debe.

Wifi akacheka kile kicheko chake cha puani. "Nimekula, nimeshiba. Mke anaamka alfajiri kwenda kulisha panya, mume anabaki analia kama debe. Mtaa mzima unasema, si mimi peke yangu."

Hapo ndipo sahani iliporuka. Haikumlenga mtu, maana Mama Mizani akilenga hakosi. Ililenga ukuta, na kwa kuwa ilikuwa ya bati ilipiga kelele, ikazunguka baraza nzima kama gurudumu, ikaenda kulala miguuni pa mbwa wa jirani. Mbwa huyo mtaa ulimwita Jenerali kwa jinsi alivyotembea kifua mbele, ingawa miezi michache nyuma mbavu zake zilionekana toka barabarani. Sasa alikuwa mnene, manyoya yanameta. Aliinusa sahani, akailamba, kisha akamtazama Fundi kama mtu anayemtazama rafiki yake wa siku nyingi. Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo. Wewe litie maanani, halafu twende.

Mama Mizani hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa kazini, kwenye nyumba ya panya nyuma ya jengo la utafiti, kwa sababu shughuli yake pale ni kupima: panya juu ya mzani, chakula juu ya mzani, kisha panya tena. Lakini hata kabla ya kazi hiyo alikuwa na mzani kwenye kiganja. Aliwahi kununua mkate, akaubeba kidogo tu, akageuka kumwambia muuzaji kwamba mkate wake umepunjwa. Wakabishana mpaka buchani, ukawekwa kwenye mzani wa nyama, na kweli ulikuwa umepunjwa. Yule muuzaji akahama mtaa. Wapo wanaosema alihama kwa sababu nyingine. Usiwasikilize, hawakuwepo.

Na hasira alikuwa nazo za kugawa mtaa mzima asipungukiwe. Alifua kwa hasira, alipika kwa hasira, hata akisali majirani walidhani anagombana na mtu. Mume wake alikuwa kinyume chake. Huyo ni fundi wa vitasa na makufuli, mtu mkimya, anayeweza kuinamia kufuli lililokwama akalibembeleza kwa ncha za vidole mpaka likaachia lenyewe. Miguu yake ilipoanza kuwaka moto usioonekana, na kupigwa ganzi mpaka asijue kama amevaa viatu, alifunga kibanda chake mjini akahamishia benchi barazani. Wateja hawakuhama naye. Tangu hapo sufuria ya nyumba ile ikawa ya mke. Jambo hilo halikuzungumzwa. Mama Mizani alipiga kelele kuhusu mambo mengine yote, ila hilo alilizunguka kama watu wanavyozunguka dimbwi.

Sasa twende kwa panya, maana nawe unataka kujua wanahusika vipi.

Nyumba ya panya ilikuwa na chumba kirefu chenye harufu ya maranda na sabuni. Kila panya alikaa peke yake kwenye kizimba. Sakafu ya kizimba ilikuwa wavu wa waya, na chini ya wavu kulikuwa na trei iliyotandikwa karatasi, ya kupokea kila kinachodondoka. Kando kulikuwa na bakuli la chakula, vitonge vikavu, vigumu kama kokoto. Jioni bakuli linapimwa na kuwekwa, asubuhi linapimwa tena. Kilichopungua ndicho kilicholiwa. Hesabu hiyo hata mimi naiweza, na shule niliiacha kabla haijaniacha.

Mkuu wa utafiti alikuwa mwanamke kijana, mpole, aliyeitwa Daktari ingawa hakuwahi kumtibu mtu hata mafua. Utafiti ulipoanza, Mama Mizani alimkabili.

"Hawa wanyama unawachoma sindano za nini? Mimi ndiye ninayewalisha. Nataka kujua nalisha au nazika."

Daktari akapindua ndoo, akaikalia, akaeleza. Ndani ya ubongo, alisema, kuna vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaitwa vipokezi. Kila kipokezi ni kama kitasa, na mwili una funguo zake unazozituma. Vipo vitasa vikifunguliwa mnyama anasikia njaa. Vipo vingine, vikifunguliwa anauona utamu wa chakula na kutaka kuongeza. Na vipo ambavyo vikifunguliwa anasema basi, yatosha.

"Tukifikiri kila kitasa kina mlango wake na hakijui habari za mwenzake, tunakosea," Daktari akasema. "Vinasemezana. Ukigusa kimoja hapa, na cha kule kinasikia."

"Kama wapangaji wa nyumba moja."

"Hivyo hivyo, mama. Sasa nina dawa mbili. Ya kwanza ni kama ufunguo wa bandia, unaingia kwenye kitasa lakini hauzunguki, na ufunguo wa kweli ukija unakuta tundu limejaa. Nikimpa panya dawa hiyo kidogo sana, anakula kama kawaida. Ya pili inaziba kitasa cha aina nyingine. Kidogo sana, naye anakula kama kawaida. Nataka kujua nikizitoa kwa pamoja itakuwaje."

"Kidogo na kidogo? Si itakuwa kidogo tu?"

"Hilo ndilo sijui."

Mama Mizani akakunja uso, lakini kukunja kwa kuelewa. "Mume wangu angekueleza. Mtu akivunjia ufunguo ndani ya kitasa, hata ukija na wa dhahabu utalala nje."

Daktari akacheka, wakawa marafiki. Urafiki wenyewe ulidumu mpaka asubuhi ile ya wifi.

Kwa sababu panya wa safu ya mwisho, wale waliokuwa wakichomwa dawa zote mbili, walikuwa wanafanya kituko. Mabakuli yao yalikuwa yanakwisha kuliko ya wenzao wote, na wao wenyewe walikuwa wanakonda. Daktari alikuwa amelitazama jambo hilo siku kadhaa, akaamua kuuliza, na akachagua kuuliza siku ambayo Mama Mizani ameingia getini maneno ya wifi yakiwa bado yanamwasha masikioni.

"Mama, samahani. Hawa wa safu ya mwisho, mabakuli yao yanajazwa kila siku?"

Mama Mizani akaweka ufagio chini. "Rudia."

"Nauliza tu, mama. Kwa bakuli, wanakula kuliko wote. Kwa mzani, wanakonda. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili."

"Kwa hiyo mimi mwongo."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa mlango wa nyuma! Nyumbani naambiwa simlishi mume, kazini naambiwa siwalishi panya. Mimi namlisha nani basi, hebu niambie! Au unadhani hivi vitonge vyenu nakwenda navyo nyumbani nikavichemshe?"

Mlinzi wa geti, ambaye huwa hapitwi na ugomvi, akachungulia dirishani. "Mama Mizani, ukivichemsha nibakizie mchuzi."

Ndoo ikamfuata mpaka getini.

Daktari hakupandisha sauti, na hilo lilimchoma Mama Mizani kuliko matusi. Mtu akikutukana una pa kushika. "Kesho nitakuja mapema, nitazame mwenyewe," Daktari akasema tu.

"Njoo! Njoo na ukoo mzima, mje na viti!"

Kesho yake Mama Mizani alifika mapema kupita kawaida, apate muda wa kusafisha vizuri amwaibishe mtu. Akakuta Daktari kashamtangulia. Alikuwa amechuchumaa mbele ya safu ya mwisho, ameivuta trei ya kizimba cha kwanza, anaitazama.

"Toa hiyo, haijaoshwa," Mama Mizani akasema akikaza kanga kiunoni. "Naanza na trei, ndipo napima."

Daktari akageuka taratibu. "Unaanza na trei?"

"Kila siku. Mimi sipimi chakula juu ya uchafu."

Hapo sasa. Alipoajiriwa aliambiwa pima kwanza, utazame kilichodondoka, usafishe baadaye. Akaona hayo ni maagizo ya watu wasiojua usafi, akayageuza, na hakumwambia mtu kwa sababu hakuona la kusema. Trei zake zilikuwa zinameta kabla mzani haujaguswa. Kwa panya wengine haikuleta madhara, wale hudondosha chembe mbili tatu. Kwa safu ya mwisho ilikuwa habari nyingine.

"Hiki ni nini, mama?" Daktari akauliza, akionyesha karatasi. Ilikuwa imejaa unga wa rangi ya udongo.

"Uchafu."

"Ni chakula."

Akaukusanya kwa brashi ndogo, akauweka kwenye mzani, kisha akapima kilichobaki bakulini. Unga wa chini ya wavu ulikaribia kuwa sawa na kilichopungua. Mama Mizani akasogea kizimbani. Alikuwa anamtazama panya mwenyewe. Panya alikuwa amekaa kitako, kitonge kakishika kwa mikono miwili, anatafuna kwa bidii kama mtu mwenye njaa ya wiki, na kila anachotafuna kinamtoka pembeni mwa mdomo kinapita kwenye matundu ya wavu kama unga wa msumeno. Hakuwa anameza.

"Meno ya panya hayaachi kukua," Daktari akasema. "Lazima ayasage kwa kitu. Meno yanafanya kazi yao, ila hamu haipo. Kidogo na kidogo, mama. Zimeshikana zikafunga mlango. Na sisi tumekaa hapa tukidhani wanakula."

Alisema *sisi* kwa adabu, na adabu hiyo ilimkata Mama Mizani kama wembe. Alitafuta mtu wa kumkasirikia. Mlinzi hakuwepo. Daktari hakuwa amekosea. Wa kukosea alikuwa yeye, na yeye mwenyewe hawezi kujirushia ndoo. Akamgeukia panya.

"Mnafiki mkubwa wewe! Umekaa hapo unatafuna mbele ya watu, bakuli linakwisha, kila mtu anasema amekula, kumbe..."

Kanga ikamlegea kiunoni. Mbele ya macho yake hakuona kizimba tena, aliona sahani ya bati iliyokombwa, inang'aa, haina hata punje. Sasa ni mtu gani anayezidi kukonda huku anakomba sahani namna ile kila siku?

"Daktari, naomba ruhusa."

"Sasa hivi? Unaumwa?"

"Nakwenda kutazama trei nyingine."

Alitembea kwa mwendo wa mtu anayefukuza mwizi. Nyumbani hakupita mbele. Alizunguka uchochoroni, akapita kwenye kamba za nguo za jirani, akasimama nyuma ya shuka iliyoanikwa. Toka hapo ua wake wote ulionekana.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, sahani ya mchana mapajani ingawa mchana wenyewe haujafika, ile aliyomfunikia alfajiri kabla ya kuondoka: viazi, mboga, kipande cha nyama. Aligonga ukingo wa sahani kwa kijiko, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Uzio wa ua ukatikisika, na kwenye upenyo wa chini akapita Jenerali, kifua mbele, bila wasiwasi, kama mpangaji anayerudi kwake.

"Karibu, mzee," Fundi akasema kwa sauti ya chini. "Leo viazi. Taratibu, usijinyonge. Juzi ulikohoa, nusura tukamatwe."

Akamlisha kijiko kwa kijiko. Nyama alimkatia. Mwisho alichukua kipande cha mkate, akakizungusha kwenye sahani mpaka ikameta, akampa mbwa na huo mkate.

"Wewe mwanamume!"

Shuka ya jirani ilianguka chini na kamba yake. Jenerali, ambaye hakuwahi kukimbia mtu, siku hiyo alikimbia, kiazi mdomoni. Sahani ikamtoka Fundi mikononi.

"Kumbe nampikia mbwa! Naungua na mafuta, nachambua mawe kwenye maharage, kumbe yote ni ya Jenerali! Dada yako ananivua nguo mbele ya mtaa mzima, na wewe umekaa unajipiga tumbo! Nimekula dada! Nimeshiba dada! Ulitaka nikuzike ndipo nijue? Ulitaka waseme juu ya kaburi kwamba nilikunyima?"

Fundi aliinama akaokota kijiko. "Ningekuambia nini?"

"Kwamba huli!"

"Nikuambie wewe?" Akamtazama. "Mke wangu, unapakua kama mtu anayegonga mihuri. Kisha unasimama mlangoni umeshika kiuno, unasubiri sahani. Siku ile niliyobakiza nusu, ulisema nini?"

Mama Mizani akakumbuka. Alikuwa anakimbilia kazini, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, akaiona ile nusu, akasema: "Kukileta hukileti, na kukila pia kumekushinda?" Alilisema na kulisahau kabla hajafika barabarani. Fundi alibaki nalo barazani siku nzima, na siku nyingine zote.

"Tangu siku ile nikajifunza kukomba," Fundi akasema.

Muuza mkaa wa ng'ambo alikuwa ameacha kupima mkaa ili asikie vizuri.

"Lakini kwa nini huli?" Mama Mizani akauliza. Sauti ilikuwa bado ya ugomvi, hakuwa na nyingine. "Nimeharibu nini? Chumvi?"

"Si chumvi. Chakula nakiona, najua ni kizuri. Harufu inafika hapa," akagusa pua, "halafu inaishia hapo hapo. Ni kama ufunguo ulioingia kwenye kitasa vizuri, ukizungusha hauzunguki. Kuna kitu kimejaa ndani."

Mama Mizani akamsogelea.

"Unameza nini?"

"Si unajua, vidonge vya miguu, vya hospitali. Kidogo tu, asubuhi na jioni."

"Na nini kingine?"

Fundi akatazama pembeni. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti la kazi, katikati ya funguo, akatoa kichupa. "Dada aliniletea hivi toka duka la dawa. Vya kunipa usingizi. Nameza nusu tu. Kidogo."

"Kidogo na kidogo," Mama Mizani akasema.

"Nini?"

"Dada yako! Anakuletea vidonge kwa siri, halafu anakuja kunitukana mlangoni kwamba unakonda! Na wewe hukuniambia!"

"Ungemrukia."

"Ningemrukia, ndiyo! Na ningefanya vizuri!"

Alimpigia Daktari simu pale pale uani, kwa kelele kama anataka asikike bila simu. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo Mama Mizani hakulipenda: "Mama, panya si mume wako. Dawa zangu si hizo zake, na mimi si daktari wa watu. Lakini hospitali hawajui kwamba anameza vyote viwili. Mpeleke leo, na vichupa vyote mkononi."

Wakaenda. Njiani wakakutana na wifi anakuja, na machungwa hakuwa nayo. Yaliyosemwa pale kando ya barabara sitayaandika, ila ujue wifi aliitwa muuaji, mganga asiye na shule, na mwishowe mbwa, kisha Mama Mizani akamwomba radhi Jenerali kwa kumfananisha. Wifi alilia. Alisema alitaka kaka yake alale tu, kwamba alikuwa anasikia toka nyumbani kwake anavyougulia. Mama Mizani alimwacha analia, lakini ile sauti ya kulia ilimfuata mpaka hospitali, na ilimuudhi kwa sababu ilikuwa ya kweli.

Daktari wa hospitali alikuwa mzee aliyechoka, miwani imening'inia kwenye pua. Alisoma kichupa cha kwanza, akasoma cha pili, akaviweka pamoja mezani.

"Nani alimpa hiki?"

"Dada yake!" Mama Mizani akadaka. "Nitakupa na anwani."

"Sihitaji anwani, mama. Kila kimoja kwa kipimo hiki wengi wanameza na wanakula vizuri. Kwa pamoja, kwa mwili wake, huenda vimemfunga hamu. Sisemi kwa uhakika. Hiki cha dukani akiache, hiki cha miguu nitambadilishia polepole, kisha mrudi nimpime." Akavua miwani, akamtazama mwanamke moja kwa moja. "Na hamu iliyokaa muda mrefu imefungwa hairudi kwa kupigiwa kelele."

"Nani anapiga kelele?" Mama Mizani akapiga kelele.

Basi siku zikaenda. Fundi akaanza kula, vijiko vichache, anapumzika, vijiko vingine. Alisema anaanza kusikia harufu ikipita pua na kushuka. Dada yake alikuja kimya kimya akaacha machungwa dirishani, akaondoka. Lakini Mama Mizani alikuwa ameshadanganywa na sahani na bakuli kwa wakati mmoja, na mtu wa namna hiyo haamini tena kitu kitupu. Akikuta sahani imekwisha alitazama chini ya benchi. Alipekua mfuko wa koti. Alimbonyeza Jenerali mbavu. Alikuwa anamkasirikia mume kwa kula na kwa kutokula, na usingizi alioukosa Fundi akaanza kuukosa yeye.

Mwisho akaomba trei moja kuukuu kazini. Jumapili mchana, kabla ya kupakua, akaitandika karatasi, akaisukuma chini ya kiti cha mume wake.

Fundi alikuja na fimbo yake, akakaa, akagusa kitu kwa kisigino. Akainama.

"Hii nini?"

"Trei."

"Naona ni trei. Ya nini?"

"Ya makombo."

Mama Mizani akadhani atanyamaza kama alivyonyamaza miaka yote, akageuka kuchukua sufuria. Nyuma yake meza ikapigwa ngumi mpaka vijiko vikaruka.

"Mimi panya?"

Hakuwahi kuisikia sauti ile. Hata muuza mkaa hakuwahi kuisikia, akainuka kwenye gunia lake.

"Umeniwekea trei ndani ya nyumba yangu! Miguu inaungua, nimenyamaza. Kibanda kimefungwa, nimenyamaza. Ukaniambia hukileti na hukili, nimenyamaza, nikawa nakula na mbwa kwa siri kama mwizi! Leo unanitandikia karatasi chini? Kesho utanichoma sindano? Utanipima mkia? Lete hicho chakula!"

"Usinipigie kelele!"

"Nitapiga! Nyumba hii nayo ni yangu, na kelele zilizomo humu zote umezimaliza wewe! Lete!"

Akaleta. Fundi akaivuta sahani, akaacha kijiko, akala kwa mkono, tonge kubwa kubwa, macho mekundu, anatafuna kama anayebishana na chakula chenyewe. Kila alipomeza alinyoosha shingo na kuionyesha kwa kidole. "Tazama! Kimeshuka! Umeona koo? Andika! Pima!" Mama Mizani alisimama mkono mmoja kiunoni, kisha mkono ukashuka, hakujua auweke wapi.

Katikati ya sahani Fundi akasita. Akapumua. Akaisukuma sahani mezani, ikiwa na nusu ya wali juu yake.

"Nimeshiba. Hii nusu siitaki. Na usiniulize."

"Nani kakuuliza?" Mama Mizani akajibu kwa ukali. Akainama, akaivuta ile trei. Karatasi ilikuwa nyeupe. Akaikunja kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Na lile neno langu la kukileta, nalifuta."

"Umechelewa."

"Nalifuta hivyo hivyo! Ulitaka nipige magoti?"

Fundi alirudi kwenye benchi lake barazani, akaokota ufunguo mmoja, akaanza kuusugua kwa tupa, kwa fujo, mdomo bado una mafuta.

Uani kulisikika uzio ukitikisika. Jenerali alikuwa amesikia kishindo cha meza akadhani ni hodi, akaingia kifua mbele, akakaa, akasubiri kijiko. Mama Mizani akatoka na ile sahani yenye nusu, ameibeba kwa mikono miwili, akaenda kuifunika juu kabisa ya kabati la jikoni mahali ambapo hata paka asingefika, ya jioni. Kisha akarudi mlangoni.

"Unamsubiri nani wewe? Mwenye chakula chake amekula! Toka!"

Mbwa akatazama upande wa barazani, kwa rafiki yake. Fundi hakuinua kichwa. Tupa iliendelea kusugua chuma, kali, bila kupumzika, na ng'ambo ya barabara wifi alikuwa amesimama na mfuko wa machungwa, anasikiliza kelele za nyumba ile, anashindwa kuamua kama abishe hodi au arudi kwake.